Kipozamataza wa Upande Huu wa Barabara

Kwenye ile taasisi ya ndege kulikuwa na idara mbili, birika mbili za chai, na mabwana wawili ambao wangeweza kugombania hata kivuli. Idara ya kwanza ilikuwa ya Kipozamataza Mnene. Ya pili ilikuwa ya Kipozamataza Mwembamba. Kipozamataza, kwa wale ambao hawajapata kumtazama mara mbili, ni kindege cha rangi ya udongo kinachoishi kwenye nyasi. Akiwa ardhini humwoni. Akishikwa na wazimu wake anapaa juu kabisa, anaimba utadhani kalipwa, na huko juu nako humwoni, ni nukta tu. Sasa mtu mwenye akili zake timamu ataanzaje kuwagawa hao kuwa wanene na wembamba? Subirini, mtaona.

Mkuu wa idara ya Kipozamataza Mwembamba aliitwa Bwana Mwembamba na taasisi nzima, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa geti, ingawa alikuwa pande la mtu, tumbo lake likiingia chumbani kabla yake. Mkuu wa ile idara nyingine aliitwa Bwana Mnene, naye alikuwa amekonda hivi kwamba shati lake lilionekana kama bado liko kwenye kamba. Hakuna aliyecheka tena. Mambo yakishazoeleka ndiyo basi. Isitoshe, hao wawili walikuwa wanyumba, yaani walioa ndugu wa tumbo moja. Bwana Mnene alimwoa dada mtu, Bwana Mwembamba akamwoa yule aliyemfuata. Walikaa kwenye nyumba za taasisi zilizotazamana, moja upande huu wa barabara kuu, nyingine ng'ambo.

Barabara hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yenyewe. Ilipita katikati ya uwanda wa nyasi, ikaugawa nusu kwa nusu. Ndege aliyepatikana upande huu aliandikwa Mwembamba, wa ng'ambo akaandikwa Mnene. Watafiti wapya walipouliza watawatambuaje huko nyasini, waliambiwa wamtazame ndege kwa makini, wasikilize wimbo wake, wachunguze anavyotembea, kisha waangalie wamesimama upande gani wa barabara.

"Na akivuka?" aliwahi kuuliza mmoja, msichana mgeni aliyekuwa bado hajajua pa kunyamaza.

"Wa huku havuki," alisema Bwana Mwembamba.

"Lakini Daktari, mimi nimemwona mmoja akivuka jana."

"Huyo alikuwa yule mwingine, anarudi kwao."

Msichana akaandika. Angefanya nini?

Ila ukiingia ndani ukavuta droo, ubishi wote uliisha. Kwenye droo za Bwana Mnene walilala ndege waliokaushwa, chali, wamefungwa vibandiko miguuni, vidari vimefura, shingo zimejaa, wameshiba kama wageni wa harusi. Kwenye droo za Bwana Mwembamba walilala ndege bapa, shingo kama uzi, vidari vimebonyea. Hata mtoto wa chekechea angewatenganisha. Mabawa yao yalikuwa sawa. Miguu sawa. Midomo sawa, manyoya sawa, hata madoa ya mkiani sawa. Mabwana wote wawili walikuwa wamepima hayo yote kwa uangalifu mkubwa na kuandika kwamba kufanana huko kunathibitisha udugu wa karibu wa spishi hizi mbili tofauti. Jamani, elimu ni tamu.

Asili ya mambo haya ilikuwa mapenzi, sina haja ya kuficha. Wale ndugu wawili walikuwa binti za fundi wa kukausha ndege wa taasisi, na wote walirithi kazi ya baba yao: kumchuna ndege ngozi bila kung'oa unyoya, kuipaka dawa, kuijaza pamba, na kuishona tumboni kwa mishono isiyoonekana. Dada mtu alifanya kazi kwenye maabara ya ng'ambo. Mdogo wake alifanya kazi ya huku. Bwana Mnene alipomposa dada mtu hakuwa na kitu, kwa hiyo alimpa ndege: alimpeleka kipozamataza kwenye Kitabu Kikuu, kile kinachoandika ndege wote wa dunia, kwa jina la Kilatini lililotokana na jina la mchumba wake. Siku ya harusi, picha ya ndege huyo ilitundikwa nyuma ya maharusi, na mdogo wa bibi harusi akasema mbele ya watu kwamba yeye hataolewa na mwanamume asiye na ndege.

Watu walicheka. Bwana Mwembamba, ambaye wakati huo alikuwa kijana na tumbo lake lilikuwa bado halijaota, hakucheka. Alikuwa amekufa ameoza kwa binti yule. Alirudi maabara akawavuta ndege wa upande huu, wale wale waliokuwa wameshonwa na huyo huyo binti, akawaweka kando ya wale wa ng'ambo. Lo! Wembamba! Hakulala. Akaandika makala, akapima vidari, akachora shingo, na kabla ya mwaka kuisha Kitabu Kikuu kikawa na kipozamataza wa pili, mwenye jina la binti. Alimpelekea habari hizo akihema. Binti akamtazama, akasema haya, nenda kamwone baba.

Sasa lazima mjue huyo mke alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mkono wa birika. Sukari aliipima kwa kijiko na kukisawazisha kwa kisu. Kipande cha sabuni kilichobaki alikigandisha kwenye sabuni mpya. Dada yake alikuwa kinyume chake, mkono wazi mpaka kero: ukialikwa peke yako unapikiwa chungu cha watu kumi, na mito ya makochi yake ilijazwa ikajazika mpaka ukikaa unateleza. Walipendana sana, lakini yule mdogo alikuwa na donda moja. Maisha yake yote alikuwa amevaa vilivyovuliwa. Nguo za dada, viatu vya dada, vitabu vya shule vyenye jina la dada limekatwa kwa wino, hata kitanda kilichokuwa na shimo la umbo la dada. Yule ndege ndiye kitu cha kwanza alichopata kikiwa kipya. Akamdarizi kwenye vitambaa vya meza, akamchora kwenye geti, akamnunulia fremu ya dhahabu ya uongo. Akisema "ndege wangu" sauti yake ilibadilika kabisa.

Kwa hiyo mkurugenzi alipotangaza kwamba Mkaguzi wa Kitabu Kikuu anakuja kuwalinganisha vipozamataza wawili ana kwa ana, na kwamba wakionekana ni ndege mmoja jina la zamani litabaki na la baadaye litafutwa, Bwana Mwembamba alienda nyumbani miguu ikiwa mizito. Jina la zamani lilikuwa la shemeji yake.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka chini kitambaa alichokuwa akidarizi.

"Nguo zake nimevaa," alisema. "Viatu vyake nimevaa, vikanibana, sikusema. Sasa niambiwe na ndege wangu ni ndege wake? Mume wangu, nakwambia ukweli, hilo sitalimeza."

"Halitatokea. Wale ni ndege wawili, ni kitu kinachoonekana kwa macho."

"Uniapie."

Akaapa. Na aliapa kwa moyo mmoja, kwa sababu aliamini.

Basi, wiki hiyo hiyo shemeji akateleza bafuni akavunjika mkono wa kulia. Hapo hapo upepo mkali wa mvua ya mawe ukaua ndege wengi ng'ambo, na trei nzima ya vipozamataza ikafika kwenye maabara ya Bwana Mnene ikisubiri kukaushwa kabla haijaanza kunuka. Mke wa Bwana Mwembamba alichukua mkoba wake akavuka barabara, akawa anashinda kwa dada yake kutwa nzima na kurudi jioni. Bwana Mwembamba alijua tu kwamba mkewe anamsaidia dada yake. Alidhani anapika. Hakuuliza. Ni mtu ambaye angekuambia kipozamataza anakula wadudu gani asubuhi na gani jioni, lakini mkewe ameshinda akifanya nini, hilo halikumpitia kichwani.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Bwana Mnene alienda kumpokea mgeni. Bwana Mwembamba akaona ndiyo nafasi. Alivuka barabara akijitia anatafuta darubini aliyomwazima Bwana Mnene, akaingia kwenye chumba cha droo za mwenzake, na akaanza kuvuta moja baada ya nyingine kuona jamaa kajiandaaje. Wanene, wanene, wanene. Akavuta ya mwisho.

Ala!

Ndani, kwenye trei ya bati, ndege walikuwa wamelala mstari mzuri, wapya, vibandiko vyeupe miguuni, na kila kibandiko kimeandikwa ng'ambo. Lakini ndege wenyewe! Shingo kama uzi. Vidari vimebonyea. Bwana Mwembamba alimshika mmoja, akamgeuza, akamnusa. Huyu alikuwa ndege wake. Trei nzima ilikuwa ya ndege wake, kutoka katikati kabisa ya upande wa mwenzake.

Mtu mwingine angejiuliza jambo moja au mawili. Yeye alicheza. Nasema alicheza, na tumbo lile, katikati ya madroo. Kipozamataza Mwembamba alikuwa amevuka barabara! Amevuka, ameenea, ameteka nchi! Ugunduzi kama huo haukuwa umetokea kwenye taasisi tangu ijengwe. Alipogeuka alimkuta Bwana Mnene mlangoni, ametoka kumfikisha mgeni nyumba ya wageni.

"Mwanyumba," alisema Bwana Mnene, "unafanya nini kwenye droo zangu?"

"Niambie wewe unafanya nini na ndege wangu!"

"Ndege wako wapi?"

"Hao hapo! Tazama! Vaa miwani utazame!"

Bwana Mnene akavaa miwani. Hakuwa amewakagua, aliwapokea wakiwa tayari, akabandika vibandiko kwa haraka ya ukaguzi. Sasa alimwinua mmoja, akamwinua wa pili, na uso wake mwembamba ukazidi kuwa mwembamba. Alikaa juu ya kiti bila kuangalia kama kipo. Bahati yake kilikuwepo.

"Wa kwangu wako wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hawa wametoka katikati ya uwanda wangu. Kama huko wamejaa wa kwako, basi wa kwangu... Mwanyumba, wa kwangu wamekwisha."

"Pole sana," alisema Bwana Mwembamba, na uso wake ulimeta kama sahani mpya. Hiyo nayo ni pole gani? Lakini ndiyo aliyokuwa nayo.

Alifika nyumbani akiimba. Mkewe alikuwa kwenye meza yake ya kazi karibu na dirisha, sindano mkononi, akimalizia kindege cha upande huu. Bwana Mwembamba hakuvua hata viatu. Alimweleza yote: droo, trei, uso wa Bwana Mnene, jinsi ndege wake yeye, mkewe, alivyoivamia ng'ambo yote na kumfukuza yule wa dada.

Mkewe alianza kucheka katikati ya hadithi, na ilipofika mwisho alikuwa anajifuta machozi.

"Trei ya bati, yenye kona iliyobonyea?"

"Hiyo hiyo. Umejuaje?"

"Si ndio niliowashona mimi? Juzi na jana na leo asubuhi. Mikono imeniuma!"

Bwana Mwembamba alitabasamu bado, kwa sababu habari ilikuwa haijafika. Kisha ikafika.

"Uliwashona wewe," alisema.

"Dada atashonaje na mkono ule? Alikaa pale ananipigia kelele, ongeza pamba, ongeza pamba, unamnyima hata marehemu. Nikamwambia kila mtu na mkono wake. Mimi sishindilii ndege kama mto wa kochi."

Akaendelea na mshono wake. Bwana Mwembamba alivuta kiti akakaa. Alikitazama kindege kilichokuwa mezani, tumbo lake bado wazi nusu.

"Mwongeze pamba kidogo," alisema.

"Yuko sawa."

"Mwongeze, mama. Tafadhali."

Akaongeza fundo dogo. Kidari kikainuka.

"Ongeza."

"Wee, pamba yenyewe inauzwa..."

"Ongeza!"

Hakuwa na kawaida ya kupaza sauti, kwa hiyo mkewe aliongeza, akasukuma kwa koleo, akaongeza tena. Shingo ikajaa. Kidari kikafura. Chini ya taa ya mezani, mbele ya macho yao, Kipozamataza Mwembamba alinenepa polepole mpaka akawa Kipozamataza Mnene, mwenye jina la dada, ndege wa Bwana Mnene mtupu. Nje gari lilipita barabarani.

"Kwa hiyo," alisema mkewe hatimaye, "ndege wangu ni pamba."

"Ni... pamba kidogo."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi."

Aliinuka akaenda kusimama mbele ya fremu ya dhahabu ya uongo. Akapachika mikono kwapani. Bwana Mwembamba aliona mabega yake yanatikisika, akataka kwenda kumshika, lakini aliogopa. Alikuwa mwanamume aliyemwoa mwanamke kwa ndege, na sasa ndege hakuwepo. Je, mke yupo? Ndilo swali lililokuwa likimtafuna.

"Kesho utanyamaza," alisema mkewe bila kugeuka.

"Nitanyamaza."

"Na mimi nitanyamaza. Nani atakayejua?"

Asubuhi ukumbi wa mikutano ulijaa. Mkurugenzi alivaa tai. Mkaguzi wa Kitabu Kikuu alikuwa mama wa makamo mwenye lenzi iliyoning'inia kifuani, na heshima aliyopewa ilikuwa na sababu yake: sura ya vipozamataza kwenye Kitabu Kikuu aliiandika mwenyewe. Humo alieleza kwamba nyimbo za ndege hawa wawili zinatofautiana kama mchana na usiku, jambo alilolithibitisha kwa masikio yake akiwa amesimama katikati ya barabara. Wake wa mabwana walikaa nyuma, bega kwa bega, mmoja na mkono wake ndani ya plasta nyeupe.

Droo zililetwa. Mkaguzi akalinganisha wanene na wembamba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mambo yalikuwa yanakwenda sawa. Ndipo Bwana Mnene aliposimama, ameshika trei ya bati.

"Mheshimiwa Mkaguzi," alisema, "mimi ni mtu wa sayansi na sitaficha. Hawa wametoka kwenye moyo wa eneo langu. Watazame. Ni Wembamba, wote. Kipozamataza Mnene, ambaye..." Hapo akatazama nyuma alikokaa mkewe. "Ambaye nilimpa jina la mtu ninayempenda kuliko wote, amefukuzwa kwao. Hayupo tena. Naomba aandikwe kuwa ametoweka."

Mkaguzi alishika lenzi, akapita trei nzima kindege kwa kindege, na kila alipoinua kichwa alikuwa na huzuni zaidi. "Ni Wembamba, hapana shaka," alisema. "Ni msiba mkubwa." Mkurugenzi akainamisha tai yake.

Bwana Mwembamba hakuwa ametegemea neema kama hii! Sio tu kwamba ndege wa mkewe amepona. Amebaki peke yake, hana mpinzani, nyasi zote ni zake. Aligeuka kumtafuta mkewe ili wafurahi kwa macho. Lakini mkewe hakuwa anamtazama. Alikuwa anamtazama dada yake, ambaye alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye plasta, na kwa mkono ule mzima anampapasa mdogo wake gotini na kumwambia, "Hongera, mdogo wangu. Hongera. Angalau wako amebaki."

Mkewe akasimama.

"Hao ndege niliwashona mimi," alisema.

Vichwa viligeuka.

"Ni ndege wa dada. Wamekonda kwa sababu ni mimi niliyewajaza, na mkono wangu ni mfupi, kila mtu hapa anajua. Dada angewashona wangekuwa wanene. Hakuna aliyetoweka. Ndege ni mmoja. Siku zote amekuwa mmoja." Alikuwa anatembea kuelekea mbele huku anasema. Alichukua kindege kimoja kwenye trei, akakata uzi kwa meno, akatoa pamba mkobani, akajaza. Alijaza mbele yao wote mpaka shingo ikanyooka na kidari kikafura, akamweka mezani kando ya wanene. Kisha akachukua mmoja wa wanene wa zamani, akamchomoa pamba mpaka akalegea, akamlaza na wembamba. "Jina la dada ndilo la kwanza. La kwangu lifuteni."

Alisema hilo la mwisho kwa shida. Dada yake kule nyuma aliziba mdomo kwa mkono.

Mkaguzi alikuwa amebadilika rangi. Kama ndege ni mmoja, zile nyimbo mbili alizozisikia katikati ya barabara zilitoka wapi? Mkurugenzi naye alikuwa anahesabu idara zake kwa jicho na kuona moja inayeyuka. Wote wawili, kwa pamoja, waligeuka kumtazama mtu mmoja.

"Daktari," alisema Mkaguzi, "wewe ndiye mwenye spishi hii. Anayosema mama huyu ni kweli?"

Bwana Mwembamba alisimama. Alimtazama mkewe, aliyekuwa na manyoya mikononi na macho mekundu, anamsubiri. Akajiambia kwamba amemwapia. Akajiambia kwamba mkewe ameshikwa na huruma ya dada kwa dakika moja na kesho atajuta, na kwamba mume mwema humlinda mke hata dhidi ya mdomo wake mwenyewe. Alijiambia mengi kwa muda mfupi, na yote yalikuwa mazuri.

"Mke wangu ni fundi wa sindano," alisema. "Mambo ya spishi hana elimu nayo. Amechoka, amemuuguza dada yake wiki nzima. Tumsamehe."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Mkurugenzi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mkaguzi alifunga lenzi yake na kutoa uamuzi kwamba spishi zinabaki mbili, kila moja kwa jina lake. Kwamba trei ile iondolewe kwenye hesabu kwa kuwa imeharibiwa na mkono wa upande usiohusika. Na kwamba kuanzia siku hiyo, kwa usalama wa sayansi, fundi wa upande huu asiguse ndege wa ng'ambo, wala fundi wa ng'ambo asiguse wa huku. Watu wakapiga makofi. Bwana Mnene alilia kwa furaha, akamkumbatia mwanyumba wake mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wafahamiane. Chai ikaletwa, kwa birika zote mbili.

Bwana Mwembamba alipotafuta kwa macho, wake zao hawakuwepo.

Alimkuta mkewe nyumbani. Mkoba wa nguo ulikuwa mlangoni, umefungwa vizuri. Alikuwa anapanga sindano zake kwenye kitambaa, moja moja, kwa mpangilio wa urefu.

"Amebaki!" alisema Bwana Mwembamba kutoka mlangoni. "Umesikia? Ndege wako amebaki, na jina lako limebaki, hakuna atakayeligusa tena!"

"Nimesikia."

"Uliniapisha mwenyewe. Nilifanya vile ulivyotaka."

"Jana nilitaka. Leo nilisimama pale mbele za watu nikakutazama, na ulijua ninasema kweli, maana pamba uliniongezesha wewe mwenyewe hapa mezani." Alikunja kitambaa cha sindano, akakifunga uzi. "Nilidhani utasimama na mimi. Sikuomba kingine."

"Nilikuwa naokoa jina lako!"

"Umeliokoa," alisema mkewe. Aliinua mkoba. "Sasa kaa nalo. Mimi naenda kwa dada."

Alimfuata mpaka getini. Mkewe alisimama kando ya barabara, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka.